Uzio wa Mierebi

Jani la kwanza lilipogusa kioo cha dirisha lake, Bi Mkubwa alilitemea mate.

Tangu kiharusi kimlaze, dirisha hilo la ghorofani ndilo lilikuwa miguu yake. Kupitia hapo alijua nani kanunua kochi jipya na nani kagombana na mumewe. Sasa mke wa mwanawe alikuwa anamziba macho, tena silaha alijua kuichagua: miti ya mierebi chotara. Aliichomeka ardhini vijiti vitupu, bila hata mzizi, wiki ileile mumewe aliposafiri kikazi nje ya nchi. Msimu mmoja, ikapita uzio. Wa pili, ikafika ghorofani.

“Inakupa kivuli, Mama,” alisema mkwewe huku akimgeuza ubavu na kumpaka mafuta mgongoni.

“Kivuli au kaburi? Tasa we! Umeshindwa kuzaa watoto, sasa unazaa miti!”

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Mkwewe aliendelea kupaka.

“Mwanao anakusalimu. Anasema ujitahidi kula.”

“Mbona hanipigii mwenyewe?”

“Kazi zimembana, Mama. Na huko simu zinasumbua.”

Bi Mkubwa alisonya. Mwanamume wa watu anahangaika ugenini, dawa na mablanketi anayotuma hayakatiki, na huyu mwanamke anamfukia mamake angali hai! Alishamlilia shemejiye, naye akaja kuipunguza mierebi hiyo kwa panga. Kazi bure. Palipokatwa tawi moja yalichipua matano, na chumba kikazidi kuwa giza.

Ndipo asubuhi moja, mkwewe akiwa sokoni, aliposikia msumeno kwa jirani. Alipiga kelele mpaka mkata miti akaja chini ya dirisha.

“Kata yote! Mpaka chini, na visiki uvimwagie dawa visiote tena.”

“Mwenye nyumba anajua, mama?”

“Mwenye nyumba ni mwanangu!” Akamrushia hereni zake za dhahabu.

Miti ilianguka mmoja baada ya mwingine. Jua likaingia mpaka kitandani, na Bi Mkubwa akalia kwa furaha. Barabara yake hiyo! Watu wake hao!

Mkwewe alipanda ngazi mbio, kikapu bado mkononi. Akasimama mbele ya dirisha, mikono kaitandaza.

“Mama, nakuomba. Usiangalie.”

“Nipishe, mchawi mkubwa!” Kwa mkono wake mmoja mzima alimsukuma, akainyoosha shingo.

Kwenye roshani ya upande wa pili wa barabara, mwanawe, kavaa kaptula ya nyumbani, alikuwa akimrusha mtoto juu na kumdaka. Macho yao yakakutana. Akamkumbatia mtoto wake, akaingia ndani, akafunga pazia.