Maua, Rubani Hafi

Kathuri aliisukuma ile diski ya filamu chini ya gunia la makaa, akajipangusa mikono kwenye suruali, kisha akatoka nje na uso wa mtu asiyejua kitu.

"Imepotea," alisema.

"Imepotea vipi na jana ulikuwa nayo?" aliuliza Njuki, kijana aliyekuwa ameileta. "Dijei, usituchezee. Watu wamejaa."

Kweli walikuwa wamejaa. Ukumbi wa video wa Suleiman, mabati matupu na mabenchi ya mbao, haukuwa umeona umati kama huo tangu Kombe la Dunia. Filamu ya rubani wa angani ilikuwa imetengenezwa upya huko ng'ambo, na mji mzima wa Maua ulikuwa umegawanyika.

"Rubani mpya hana hata ndevu," mchinjaji mmoja alilalamika. "Utadhani ni wa kwaya."

"Lakini hizo picha, bwana! Jua likipasuka utashika benchi."

"Roboti wamemfanya kama friji. Wametuharibia."

"Sasa mbona umekuja?"

"Nimekuja kuona vile wameharibu."

Watu walicheka. Kathuri hakucheka. Kwa miaka mingi yeye ndiye dijei aliyesimama nyuma ya ukumbi na maikrofoni, akiitafsiri ile filamu ya zamani kwa Kiswahili, na kwa Kimeru pale penye matusi. Ndiye aliyempa rubani jina la Kijana wa Kwetu. Chombo cha rubani alikiita pikapu, na sayari alikotoka akaiita Maua. Na mwishoni, taa za chombo zilipozimika karibu na jua, Kathuri alizima televisheni. Wengi walidhani kaseti huishia hapo. Katika giza hilo aliwasimulia vile taa zilivyowaka tena, vile pikapu ilivyogeuka, na vile mama wa rubani alivyosikia honi barabarani. Wengine waliapa kwamba waliisikia honi hiyo kwa masikio yao.

Kwenye kaseti hakukuwa na honi. Rubani aliungua.

Uongo huo aliuanza kwa sababu ya Mama Mutugi. Mutugi alikuwa mwanawe wa pekee, na kazi yake ilikuwa kupakia miraa kwenye pikapu ya Kathuri na kuisindikiza hadi Nairobi. Ndiye aliyeileta kaseti ile Maua. Alfajiri moja, wakikimbizana na soko, pikapu ilipinduka kwenye kona kabla ya kufika Embu. Kathuri alitoka na mguu mbovu. Mutugi hakutoka. Tangu siku hiyo Kathuri hakushika usukani tena.

Baada ya mazishi, mama huyo alianza kuja ukumbini kila Jumamosi mchana, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akakaa benchi la mbele kati ya vijana wanaotafuna miraa. Televisheni ikishazimwa, aligeuka akatazama kule nyuma ilikotoka sauti ya Kathuri. Na mlango ulipofunguliwa, aliuliza swali lilelile.

"Kijana amefika?"

"Amefika salama, mama."

"Haya. Nenda ule, upumzike."

Watu walisema huzuni imemlegeza akili. Kathuri aliamini kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyomshikilia duniani, na kwamba siku atakapomwona kijana akifa, naye atamfuata.

"Haidhuru, dijei," Njuki alisema sasa, akichomoa flashi mfukoni. "Ninayo nyingine. Na leo hatutaki kutafsiriwa. Tunataka kuona yote, hadi mwisho."

Kathuri alimshika Suleiman mkono. "Tafadhali, mzuie Mama Mutugi asiingie."

"Nimzuie vipi? Ameshakaa. Leo amefika hata kabla yangu."

Ikachezwa. Kathuri alisimama mahali pake pa kila siku, bila maikrofoni, asijue mikono aiweke wapi. Watu walizomea roboti, wakapiga makofi jua lilipopasuka. Kisha taa za chombo zikazimika, na hakuna aliyezima televisheni.

Uso wa rubani ulikuja karibu na kioo. Hakuwa na ndevu. Mutugi naye hakuwa nazo. Kathuri alitaka kufumba macho, yakakataa. Uso ulifungua kinywa, ukawa mweupe, ukaisha.



"Wamemuua," mtu alisema, kama aliyeibiwa. "Wamemuua Kijana wa Kwetu!"

Mchinjaji alianza kutukana ng'ambo nzima. Njuki alipiga kelele kwamba hiyo ndiyo filamu ya kweli, na mtu akamrushia maganda ya njugu. Kathuri hakuwasikia. Alikuwa anachechemea katikati ya mabenchi, akisukuma mabega ya watu. Mama Mutugi alikuwa amegeuka, akimtafuta kwa macho. Kathuri alipiga magoti mbele yake, kwenye vumbi.

"Mama, usiamini. Hawa wamekosea. Ile yetu..."

"Hata ile yetu anakufa," mama alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Mutugi alinisimulia siku ileile aliyoileta. Alihuzunika hadi akakataa chakula."

Kathuri alimtazama. "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Mama Mutugi aliinama, akamfuta vumbi begani.

"Mkeo aliniambia usingizi unakupata siku moja tu kwa wiki," alisema. "Ile siku umemfikisha kijana nyumbani, mbele yangu."