Vilemba Vitatu

Zipu iligoma katikati ya mgongo. Hidaya akavuta tumbo, Mwajabu akavuta zipu, na gauni la kitenge likakataa katakata. Nje ya bweni ngoma za mahafali zilishaanza.

"Mbona fundi kakushonea mwili wangu?" Mwajabu alishangaa.

Hidaya akainama. "Nilimtumia vipimo vyako. Tangu darasa zima lilipocheka kiti kilipolia chini yangu, futi naiogopa kama nyoka. Nendeni tu, mie nitavaa dera."

"Sare ya watatu tuvae wawili? Thubutu!" alisema Sikitu, mwenzao wa tatu wa chumbani.

Mwajabu alishafungua kilemba chake cha kitenge kilekile, akakitandaza kitandani. Sikitu akatupia chake juu, cha Hidaya kikafuata. Wakafumua gauni ubavuni. Kisha Mwajabu akashika futi.

"Pumua," alisema. "Usininyime hata inchi moja."

Hidaya akaachia tumbo, akanyanyua mikono juu. Futi ikamtekenya, akaangua kicheko mpaka Sikitu, aliyekuwa akitunga uzi, akajichoma sindano.

Walitoka vichwa wazi, nywele timutimu, gauni la Hidaya likiwa na vipande vipya kila upande. Uwanjani Sikitu akampa simu awapige picha, kama ilivyokuwa kawaida yao tangu mwaka wa kwanza. Hidaya akaipokea, akamkabidhi mlinzi wa bweni, akaja kusimama katikati yao, mikono ameinyanyua juu.