Achari Isiyo na Kitunguu Saumu

Mkaguzi wa silaha za sumu alikuwa ameshaandika "hakuna" kwenye fomu yake pale Bi Siwema, mpika achari, alipoingia ofisini na chupa mkononi.

"Nimesikia unaulizia haradali, mwanangu. Hii hapa, ndani ya achari ya embe."

Mkaguzi alicheka mpaka akafuta macho. "Mama, mimi natafuta gesi ya haradali. Jina tu ndilo limefanana. Mataifa yamekubaliana iteketezwe yote, popote ilipobaki."

"Onja kwanza."

Akaonja, akarudia. "Tamu. Ila umesahau kitunguu saumu."

"Sikusahau. Hakiingii jikoni kwangu." Bi Siwema alivuta kiti akaketi. "Usichanani mwangu niliwafulia askari wa kambi ile ya zamani unayoikagua. Siku moja wakaniletea nguo zinanuka kitunguu saumu. Nikadhani wamemwagikiwa na mchuzi, nikafikicha kwa mikono hii. Sikusikia maumivu yoyote. Ilipofika jioni, ngozi ikainuka malengelenge."

Alikunja mikono ya gauni. Kuanzia viganjani hadi viwikoni, makovu yalimeta kama nta.

Mkaguzi aliacha kutafuna; gesi ya haradali hunuka kitunguu saumu, na malengelenge yake huja baada ya saa kadhaa. "Nguo zile zilipelekwa wapi, mama?"

"Walizifukia pamoja na mapipa yao, nyuma ya kambi. Si pale wanapochimba msingi wa shule?"

Mkaguzi alikata neno "hakuna" kwa mstari mmoja, akasimama. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka upande wa kambi, sururu zilisikika zikigonga ardhi.