Mapigo ya Mzee Jimale

Jumanne, 9 Machi 1999. Asubuhi upepo mkavu ulijaza vumbi Kitengela nzima.

Jioni, katika zahanati tunakosomea kuwa wasaidizi wa tabibu, nilipewa mgonjwa wangu wa mtihani: Mzee Jimale, mfanyabiashara wa mbuzi. Nilishika kifundo cha mkono wake. Kilikuwa baridi, kimelowa jasho. Nikafumba macho kumwombea, na hesabu ya mapigo ikanipotea. Nikaandika sabini na sita kwenye kadi yake.

Sista, mwalimu wetu, akasoma kadi. "Sawa. Mzee, unaweza kwenda nyumbani."

Jimale akaanza kuvaa viatu.

"Sista, hiyo namba nimeitunga."

Wanafunzi wenzangu wakageuka kunitazama. Anayetunga namba hufukuzwa, sote tulijua.

"Nyanya mzima, na wajukuu, unatunga namba?" Sista akauliza.

"Nilikuwa namwombea, nikapoteza hesabu."

Jimale akacheka kwa shida. "Mama, Mungu angekungoja dakika moja tu."

"Hesabu tena," Sista akasema.

Nilihesabu macho wazi. Mia moja thelathini na mbili.

Sista akamlaza mzee haraka, akaagiza daktari aitwe, kisha akanigeukia.

"Mbele ya mzee huyu na darasa lote," nikasema, "naahidi nitahesabu kwanza, ndipo niombe."