Kitana Kisafi

Mzee alimchana nywele mke wake taratibu, kama afanyavyo kila asubuhi tangu bega la bibi ligome kunyanyuka.

Kila kipupwe nywele zake hupukutika kidogo, kisha huota tena. Mwaka huu zilitoka kwa mafungu, na kila fungu mzee alilificha mfukoni mwa koti, asije akamtia hofu.

Bibi alichukua kitana, akakigeuzageuza.

"Baridi imenionea huruma, kinyozi wangu!" alicheka. "Basi huu uchovu ni uzee tu. Mwambie binti yetu asije kunipeleka hospitali."

Mzee alipapasa kisogo cha mkewe, paliponyonyoka pakawa laini kama ganda la yai.

Akaingiza mkono mfukoni.

"Mke wangu," alisema, "hebu nipe kiganja chako."