Reale ya Bi Alawiya

Mimi si sonara wa kusugua fedha kwa majivu na mchanga. Hivyo ni kuichuna uso. Reale ya Bi Alawiya, sarafu ya fedha ya kale, iliyokuja na nyanya yake kutoka Hadhramaut, niliilaza siku tatu katika maji ya vuguvugu, nikiyabadilisha kila asubuhi, kisha nikaipangusa kwa pamba. Ule utando mwekundu uliokauka upande mmoja ukaachia wenyewe, pasi na mkwaruzo hata mmoja.

Yeye alikuwa ameniomba niitie kipete tu, apate kuivaa shingoni. Kuisafisha ilikuwa hisani yangu. Kibokoni nzima wanajua kwamba kitu hakitoki kwangu kichafu.

Alipokuja nilimwekea kiganjani. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande wa pili. Kidole gumba chake kikawa kinapapasa mahali palipokuwa na utando.

"Ilikuwa hina," alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kwetu bibi harusi hufumbatishwa reale hina ikiwa mbichi. Mwanangu aliifumbata hii. Mistari yote ya kiganja chake ilikuwa hapa."

Nikalikumbuka jeneza lililotoka nyumbani kwao mwezi wa Rajabu, hata fungate haijaisha.

"Bi Alawiya, wallahi sikujua."

"Imetakata, fundi. Ahsante."

Aliifunga katika pembe ya leso yake, akaenda hadi mlangoni, akasimama.

"Na yale maji," aliuliza, "uliyamwaga wapi?"