Kama Kawaida

"Hayo maumivu ya chini ya kitovu yanakuzuia kupika?" muuguzi aliuliza.

"Hapana," alijibu fundi cherehani.

"Kufua? Kushona? Kuteka maji?"

"Hapana. Nafanya kama kawaida."

Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, aliangua kicheko. "Si nilisema! Huyu anadeka tu. Sisi tumezaa na kulima bila kumsumbua mtu."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Dada, kwa majibu haya siwezi kukuandikia uende kwa daktari bingwa. Fomu hii ya maswali inasema huumwi."

Fundi alikuwa amekaa upande, uzito wote kwenye paja la kushoto, kama anavyokaa kwenye cherehani yake mwaka wa nne sasa.

"Hayanizuii," alisema taratibu, "kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya. Napika nimepiga magoti. Nafua, natapika, halafu naendelea kufua."

Muuguzi alichukua tena kalamu. "Na ukiwa na mumeo?"

Fundi alimtupia jicho mama mkwe, kisha akaangalia sakafu. "Nauma pembe ya foronya mpaka amalize. Kama kawaida."

"Hiyo siyo kawaida, dada. Mwanamke hatakiwi kuumia hivyo."

Mama mkwe hakucheka safari hii. Alivuta kiti chake mpaka kikagusa meza, akamwinamia muuguzi.

"Mwanangu," alinong'ona, "kwani wapo wasioumia?"